Kaka'ngu anataka tuuze mashine ya mabango, ati Google ishatumaliza

BARZA YA AMI

Assalamu alaykum Ami, na shkamoo.

Mie ni mwanamke wa miaka thalathini na kitu, nna kiafisi cha matangazo hapa Mlandege tunakiendesha mie na kaka'ngu. Marehemu baba alikuwa fundi wa kuandika vibao vya maduka kwa brashi, alipofariki tukachukua kilichobaki tukanunua mashine ya kuprinti mabango, baadae tukaongeza kirikuu tukakifunga spika kwa ajili ya matangazo ya mitaani. Kazi zetu ndo hizo, mabango, brosha za mahoteli, vibao, tangazo la redio tunaliandika tunalirikodi tunalipeleka stesheni tunapata kamisheni yetu, na gari ya spika khasa karibu na Sikukuu. Tumesomesha watoto kwa kazi hii Ami, sio mchezo.

Sasa mambo yamegeuka. Tuna mteja mwenye hoteli Paje, ndo alokuwa mkubwa wetu, brosha zake zote sisi, kibao cha barabarani sisi, hata mabango ya uwanja wa ndege tulimsimamia sisi. Siku akaniita akanambia kwa heshima tu, bibie msinifahamu vibaya, mtu wa kati simuhitaji tena, mwanangu kanifungulia akaunti ya matangazo ya mtandaoni, naweka kadi yangu ya benki naandika bajeti, basi, hata maneno na picha inapanga wenyewe. Nikarudi mjini kichwa kinaniuma.

Nikamhadithia kaka ndo nikatia moto. Yeye kutwa yuko kwenye simu anatizama video za watu wanaosema afisi za matangazo zishakufa, Google itazimeza zote duniani, sembuse sie wa Mlandege. Anataka tuuze mashine na kirikuu tununue laptop tuwe watu wa Google tu. Juzi kageuka tena, ati hata hiyo ya kuwa watu wa Google haina maisha, akili mnemba itafanya kila kitu, kwa hiyo tuuze tugawane yeye afungue duka la vipodozi! Mama yuko upande wake maana yeye ndo mwanamme. Na mnunuzi kutoka Dar keshakuja kuitizama mashine, kaiwasha kaizima kaipiga picha, anasubiri jibu.

Tukiwa katikati ya haya yule mwenye hoteli kanipigia. Anasema tangu aanze kutangaza mwenyewe simu zinalia kutwa, ila wanaopiga ni vijana wanatafuta kazi, huyu uweta, huyu ulinzi, huyu ana cheti cha mapishi. Pesa inakwenda na wageni hawaonekani. Anataka turudi tumsimamie na yuko tayari kutupa asilimia 15 ya anachokitumia, lakini Ami anachokitumia chenyewe kidogo, asilimia 15 yake hainunui hata wino. Kaka anasema tumpokee ila safari hii akaunti tuifungue kwa jina letu na imeli yetu, tumbane asije akatukimbia tena.

Ami, kweli hiyo kampuni itatumaliza? Tuuze mashine au tusiuze? Na huyu wa Paje tumpokee vipi?

Mie, wa Mlandege

JIBU

Wa alaykum salaam, marahaba mwanangu. Mnunuzi wa Dar mwambie asubiri, mashine ilokusomesheeni watoto haiuzwi kwa sababu ya video.

Kaka'ko hajakosea yote, na hilo nalisema mapema ili usije ukaisoma barua hii ukamkimbilia mama kumwambia Ami kanipa mie haki. Kuna kitu kweli kimeliwa na hakirudi. Afisi za matangazo zilianza Marekani miaka ya 1840, Philadelphia huko, na hao watu wa mwanzo hawakuwa wabunifu wala wachoraji, walikuwa madalali tu wa nafasi za magazeti. Gazeti lina ukurasa, mfanyabiashara anataka nafasi, dalali yuko katikati anakata chake, na kwa miaka mingi kile alichokata kikazoeleka kuwa asilimia 15. Unaona hiyo 15 ya mtu wako wa Paje inakotoka? Mzee hakuibuni, kairithi bila kujua. Basi hicho kipande cha udalali ndicho kilicholiwa. Mwaka 2000 Google walipoanzisha AdWords, huduma yao ya kuuzia matangazo, yeyote mwenye kadi ya benki aliweza kuingia mwenyewe kununua nafasi bila kumuona mtu, na mwenye duka dogo ambaye afisi kubwa isingemfungulia mlango akawa anatangaza sawa na mwenye kiwanda.

Ifikirie kama diko pale Malindi asubuhi samaki wanaponadiwa. Google ndo mwenye diko, na mnada ni wake. Kila mtu akiandika "hoteli ya pwani Zanzibar" kwenye simu yake kule Milano, sekunde hiyohiyo unapigwa mnada wa nani aonekane juu, na si aliyetoa nyingi peke yake anayeshinda, wanatizama pia tangazo lako linafanana vipi na alichokitafuta mtu na ukurasa unaompeleka ukoje. Mwenye diko anakula katika kila mnada. Mwaka 2024 Google na jamaa zake YouTube waliingiza zaidi ya dola bilioni 260 kwa matangazo peke yake, wakati WPP, ambalo ni katika makundi makubwa kabisa ya afisi za matangazo duniani, mapato yake mwaka huo yalikuwa kama pauni bilioni 14.7. Ingawa hapo tusidanganyane, hesabu hizi hazilingani moja kwa moja, maana pesa ya wateja wa WPP nyingi inapita tu mikononi mwao kwenda kununua nafasi, na sehemu kubwa inaishia hukohuko Google. Ndo maana Martin Sorrell alipokuwa bosi wa WPP akipenda kusema Google ni rafiki na adui kwa wakati mmoja.

Sasa swali lako, mwenye diko anataka na kazi ya kukaanga, yaani hiyo yako? Alishajaribu mwanangu! Hili watu wa kwenye video hawalisemi. Mwaka 2006 Google waliingia kuuza nafasi za magazeti ya Marekani kwa mtindo uleule wa mnada, na mwaka huohuo wakanunua kampuni ya matangazo ya redio inayoitwa dMarc, dola milioni 102 mkononi na ahadi ya nyingi zaidi mbele. Wakaingia na televisheni. Wakati ule watu wakasema hivihivi anavyosema kaka'ko, basi afisi za matangazo zimekwisha. Mwaka 2009 ya magazeti ikafungwa, redio ikafuata, na televisheni wakaiacha 2012. Kwenye redio na gazeti hakuna kubofya, huwezi kumuona aliyesikia tangazo akenda dukani, na mtambo wao unakula hesabu, ukiunyima hesabu unadorora.

La pili ndo kubwa zaidi kwangu. Walipoinunua DoubleClick, kampuni ya mitambo ya matangazo ya mtandaoni, kwa dola bilioni 3.1, biashara ikakamilika 2008, ndani yake mkawa na afisi ya kuwasimamia watu matangazo yao ya kwenye mitambo ya kutafutia, jina lake Performics. Yaani tayari wana afisi mkononi, wangetaka kuwa kama wewe wangeanzia hapo. Wakaiuza mwaka huohuo kwa Publicis, Wafaransa wenye afisi za matangazo, kwa sababu haikai sawa mwenye mnada awe ndiye anayemshauri mnunuzi atoe shilingi ngapi. Kwa hiyo hawakuitaka kazi yako. Wanachotaka ni kila mtu aje dikoni, aje na wewe au aje peke yake, kwao yote pesa.

Ila usijipe moyo sana. Mwaka 2021 walitoa kitu kinaitwa Performance Max, unaweka bajeti, picha, maneno machache na lengo lako, mtambo wenyewe unaamua uonekane kwenye utafutaji, YouTube, Gmail au ramani, na unachanganya maneno na picha wenyewe. Ndo aina ya mambo aliyokuwa anakusimulia mzee wako wa Paje. Mark Zuckerberg naye mwaka 2025 alisema waziwazi anakotaka kufika, mfanyabiashara aje na lengo na akaunti ya benki, picha na maneno yote Meta, kampuni yake yenye Facebook, wamfanyie. Na majina makubwa yanapotea kweli, J. Walter Thompson iliyoanza mwaka 1864 ikaunganishwa na wenzake mara mbili mpaka jina likaondoka, na katika makundi makubwa ya afisi hizi, Omnicom wakaimeza Interpublic mwishoni mwa 2025. Kwa hiyo dizaini ndogondogo, ile ya "nitolee posta ya bei za chakula cha usiku", hesabu imekwenda. Mtoto wa skuli anaitoa kwenye simu akisubiri gari. Kama kuna mtu mmemuajiri kwa kazi hiyo tu, mfundisheni jengine mapema, mtamuonea mkimuacha.

Njoo Paje sasa, maana jibu lako lote liko kwenye simu za wale vijana.

Mtambo haukumdanganya mzee. Aliuambia nataka simu, ukamletea simu. Hakuuambia simu ya nani. Ukifungua kampeni bila kugusa mpangilio wa mahali, kawaida unakuja umeshachaguliwa uwaonyeshe watu walioko eneo hilo pamoja na wanaolipendelea, mtu asiyejua anaandika Zanzibar kwenye kisanduku cha mahali, kwa kuwa hoteli iko Zanzibar, basi tangazo linakwenda kwa kijana wa Fuoni na wa Mwera anayeandika "hoteli Paje nafasi za kazi". Mgeni wa Warsaw au Munich ambaye ndiye alitakiwa, bajeti inaweza kwisha kabla hajaliona. Halafu kuna orodha ya maneno ya kukataa, unaweka kazi, ajira, nafasi, mshahara, CV, kwa Kiswahili na Kiingereza, hapo tangazo lisitokee. Kazi ya kukaa na kikombe cha chai asubuhi moja, lakini lazima awepo mtu anayejua kwamba hapa kwetu neno hoteli kwa kijana ni ajira kabla halijawa malazi, na huyo mtu hayuko California.

Tena kuna jengine ambalo naweka dau hajalitizama. Aandike jina la hoteli yake kwenye Google aone nani anatokea juu. Mara nyingi ni Booking.com au wenzao wanaouza vyumba vya hoteli mtandaoni, wanalipia jina la hoteli yako kwenye mnada, mgeni aliyekwisha kukujua kwa jina anapitia kwao na wewe unakatwa kamisheni ya asilimia 15 na kupanda. Hao wanamwaga mabilioni ya dola kwa mwaka kwenye kutangaza, hutoshindana nao kwenye "hoteli Zanzibar" hata siku moja, lakini kwenye jina lako mwenyewe unaweza, na kliki yake kwa kawaida huwa ya bei ndogo kwa kuwa hakuna anayefanana na jina lako kuliko wewe. Na kile kidirisha cha ramani chenye picha, namba ya simu na maoni ya wageni ni bure kabisa, kitengenezeni kabla hamjatia senti ya tangazo. Wallahi nimeona hoteli za pwani huko picha yao ya ramani ni pikipiki ya mtu imeegeshwa.

Halafu mwambieni mtambo uhesabu nini. Simu isihesabike, ahesabiwe mgeni aliyejaza fomu na tarehe, au bora zaidi aliyelipa amana. Hapo mtambo huohuo mnaouogopa utaanza kumtafuta mtu wa namna hiyo. Mtu wa kuamua kipi kihesabiwe ndiye anayekosekana kwenye biashara nyingi za kisiwa hichi, na mie ningekuwa wewe hiyo ndo ningeiandika kwenye kibao cha mlangoni.

Na mteja anahitaji mtu wa upande wake, usione haya kumwambia hivyo. Aprili 2025 Jaji Leonie Brinkema kule Virginia aliamua kwamba Google wamevunja sheria kwa kuhodhi masoko mawili, chombo cha wenye tovuti cha kuuzia nafasi na soko lenyewe nafasi zinaponadiwa, ingawa kwenye dai la tatu la upande wa watangazaji serikali ya Marekani ilishindwa. Hata Procter & Gamble, watu wa Ariel na Pampers, mwaka 2017 walikata zaidi ya dola milioni 100 za matangazo ya digitali katika robo moja ya mwaka kwa sababu hawakuridhika na pesa inakokwenda. Ikiwa wale wenye wanasheria ghorofa nzima wanataka mtu wa kuwatizamia, mzee wa Paje na vyumba vyake je?

Bei. Asilimia 15 mkataeni kwa adabu. Kwanza ndogo kama ulivyosema, pili inakufanya wewe ule zaidi kila anapotumia zaidi, na siku ukimwambia bajeti ipunguzwe unajikata mwenyewe mfukoni. Mtozeni kitu kimoja cha kuanzia, cha kusafisha akaunti, ramani na picha, halafu ada ya kila mwezi isiyofuata bajeti, na mwezi wa masika hoteli zikiwa tupu ada ishuke lakini isifutike maana kazi ya kujiandaa na Juni inafanyika hapohapo. Na mletee karatasi moja kila mwezi inayosoma kibinadamu, wageni wangapi waliuliza, wangapi walilipa, kila mmoja kagharimu kiasi gani. Sio karatasi ya tangazo limeonyeshwa mara laki ngapi, hayo hayalipi umeme.

Ile ya kaka'ko ya kufungua akaunti kwa jina lenu mumbane mtu, hapana. Hapana kabisa. Akaunti iwe ya hoteli, kadi ya hoteli, nyinyi muwe na akaunti ya usimamizi mnayoiunganisha na yake na yeye anaweza kuwatoa siku anayotaka. Historia ya tangazo inakaa ndani ya akaunti, ukiondoka nayo umemrudisha mtu mwanzo, na Zanzibar hii kila mwenye hoteli ni shemeji wa mwenye hoteli mwengine, habari itafika Nungwi kabla hamjafunga afisi.

Mashine sasa. Nani anakununulia mabango? Sijui daftari lako limeandikwa nini ila nakisia, maduka ya Darajani kabla ya Idi, maharusi, semina za mawizara, skuli binafsi zinazofungua usajili, mteja wa Chake Chake anayeletewa kwa boti. Hao hawatafutwi kwenye simu na mtu wa Warsaw, na mwenye diko keshajaribu kuingia kwenye mambo yasiyobofyeka akatoka. Chukua daftari la mwaka mzima, toa wino, vinyl, umeme, kodi ya chumba na mshahara, mashine ikiwa bado inaleta faida inakaa. Brosha za hoteli zisitie kwenye hesabu ya mbele, hizo zinakwisha. Kirikuu ndo sina mapenzi nacho, kinafanya kazi misimu michache na mwaka mzima kinakula tairi, kama kuna wa kuuziwa basi kianze hicho, au mkikodishe kwa anayebeba mizigo na spika zikae stoo zitoke Ramadhani.

Kuhusu kaka na mama. Mali ilitokana na baba na nyote mna haki, kwa hiyo duka la vipodozi si ujinga ikiwa moyo wake uko huko, ila atoke kwa hesabu. Mwiteni mtu anayejua mirathi na mtu anayejua bei ya mashine, iandikwe nani ana kiasi gani, akitaka chake mlipe kidogokidogo kutokana na kazi. Mama mwambie hivyohivyo, atafahamu zaidi akiona karatasi kuliko akisikia nyinyi mnagombana sebuleni. Na kama kaka atabaki, mpe hii ya mtandaoni aisimamie yeye, anaonekana anaipenda kuliko anavyokubali, kutwa nzima yuko humo.

Bei aliyoitaja huyo mnunuzi hukuniandikia. Kabla hujamjibu ulizia mashine kama hiyo ikiwa mpya inafika bandarini kwa shilingi ngapi pamoja na ushuru, maana mtu wa kuvuka bahari kuja kuiwasha na kuizima mashine ya watu wa Mlandege hakuja kwa sababu mabango yamekufa.

Ami